Posa ya Soda

Mzee Karisa tulimzika Jumamosi iliyopita, kwake, nje kidogo ya mji wa Kaloleni, nami nilikaa safu ya nyuma chini ya turubai, pamoja na majirani na wale watu ambao hawakosi msiba wowote wenye pilau. Wasifu wa marehemu ulisomwa na kijana mwenye sauti nzuri aliyevaa suti iliyombana mabegani. Akasoma mzee alizaliwa wapi, akasomea wapi, akafanya kazi gani, kisha akafika kwa watoto. Aliwataja mmoja mmoja, walio hai na waliotangulia, na wa mwisho akamtaja Mbeyu. "Kitindamimba wake," akasema, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Nami nikatikisa changu. Shingo ilikwenda yenyewe. Mbeyu ni binti yangu. Jina lile ni la mama yangu mzazi, nilimpa mimi kama desturi yetu inavyotaka, mtoto wa kwanza wa kike aitwe bibi yake wa upande wa baba. Chini ya turubai lile hakuna aliyegeuka kunitazama. Wengi hawakujua, na waliojua walikuwa wamezoea.

Baadaye, chakula kilipokuwa tayari, yeye mwenyewe ndiye aliyepita na birika na beseni kutunawisha. Ni mwanamke mzima sasa, ana watoto wake, na siku ile alikuwa amejifunga leso kiunoni, macho mekundu kwa kulia. "Shikamoo," akaniambia, kama alivyomwambia mzee aliyekaa kabla yangu na kama alivyomwambia aliyefuata. Nikasema marahaba, pole kwa msiba. "Tushapoa," akajibu, akanimiminia maji. Anajua mimi ni nani. Aliambiwa alipopata akili, na hajawahi kunivunjia heshima. Kila Krismasi hunipigia simu. Lakini aliyekuwa akimlilia siku ile ni babake, na babake alikuwa ndani ya sanduku. Nilikula pilau yangu yote. Njia nzima ya kurudi Gongoni sikusema na mtu, na hasira niliyodhani imekwisha miaka mingi iliyopita ilikuwa imekaa kifuani, nzima, haijapungua hata kidogo. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule Mbeyu alipokuwa mchanga.

Wakati huo nilikuwa nimeokoka, na nilikuwa nimeokoka vibaya. Kuna watu wakiokoka huwa wapole. Mimi nilikuwa nasumbua. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kibarua katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, sinywi, sivuti, na nikimwona anayekunywa lazima nimwambie neno. Nikakutana na Kadzo kwenye mkutano wa maombi Malindi, nikampenda, naye akanipenda. Babake alikuwa huyu Mzee Karisa, na kazi yake ilikuwa ugema. Alisomesha watoto kwa kupanda minazi asubuhi na jioni. Sasa kwetu Wagiriama mtu haendi kuposa mikono mitupu, na cha kubeba hakiachiwi hiari yake. Ni pombe ya mnazi, na mtungi wake wa kwanza una jina lake, kadzama. Bila kadzama wazee hawafungui mdomo. Msichana huitwa mbele ya watu, akaonja yeye kwanza, kisha akampa babake. Akionja, amekubali, babake akinywa, amekubali pia. Ndoa inaanzia hapo, na mengine yote yanafuata nyuma. Mjomba Charo, ndugu wa mama yangu, ndiye aliyekuwa msemaji wangu. Nilimwambia sitabeba pombe. "Mwanangu," akasema, "hakuna anayekuambia ulewe. Peleka, wanywe wenyewe." Nikamwambia mchungaji amekataza. "Kwani mchungaji ndiye anayeoa?" Nikashikilia msimamo wangu, najiona shujaa wa imani. Basi tukaenda Kaloleni na kreti za soda.

Mzee Karisa alisimama mlangoni akizitazama zikishushwa, mgema mzima, mikono imeota sugu kwa kupanda minazi, akacheka. "Leo mtaniua kwa sukari," akasema. Kadzo akaitwa. Alikuja amejitanda leso mpya, akapiga magoti, akafunguliwa chupa, akanywa kidogo kwa mrija wa plastiki, akampa babake. Mzee akainywa yote, akateuka kwa sauti, watu wakaangua kicheko, na nyuma ya mlango mamake Kadzo akapiga vigelegele. Nilijua nimeoa. Kuanzia siku ile mamamkwe wangu hakunitazama tena usoni. Ndivyo tunavyoheshimiana kwetu: mkwe na mamamkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja hupisha kando, na yeye hujifunika leso. Kila nilipomwona akinipisha nilifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo.

Chumba chetu Gongoni kilikuwa cha mabati, kimoja katika safu ndefu ya vyumba vya vibarua. Chumvi ilikuwa kila mahali. Ilikuwa kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye komeo la mlango lililokuwa likiliwa na kutu. Mbeyu alipozaliwa, nepi zake zikianikwa nje zilikauka zikawa ngumu, na Kadzo alizifikicha moja moja kabla ya kumvalisha mtoto. Jioni nilirudi na nyayo zimepasuka. Yeye alinipaka mafuta ya nazi kwenye zile nyufa, huku akinisimulia mambo ya mchana, nani kagombana na nani pale bombani, nani karudi kwao na sufuria za watu. Tukala sima na papa wa nazi, mtoto amelala katikati yetu, jirani zetu wa pande zote mbili wakisikika kila neno. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla ya kumaliza kisa, mpaka nikawa nacheka bila kujua kilichotokea. Nimeishi katika nyumba nzuri zaidi tangu wakati ule, nyumba ya mawe, yenye maji ndani. Sijawahi kukaa mahali nikatamani jioni ifike kama nilivyoitamani katika kile chumba.

Masika yalipoingia, mabwawa ya chumvi yakajaa maji ya mvua na kazi ikasimama. Kadzo akashikwa na homa. Tukafikiri ni ya kawaida, akanywa dawa za dukani, ikapoa, ikarudi. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hanijui tena. Aliniita kwa jina la babake. Akafa asubuhi, mvua ikinyesha, Mbeyu bado hajaanza kutambaa. Nilikuwa nimekaa nje ya chumba cha maiti, mtoto mapajani, nafikiria tu atakunywa maziwa gani huyu, Mzee Karisa alipofika na gari. Hakunisalimu. "Binti yangu nitamzika kwangu," akasema. Nikamwambia, "Baba, huyu ni mke wangu. Kwetu ni Jilore, kaburi litachimbwa kule." Mke huzikwa kwa mumewe, kila mtu anajua hilo, hata yeye. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mke kwa kadzama gani?" akauliza. Nilidhani ni uchungu unaosema, na mtu aliyefiwa na mwanawe huwezi kubishana naye penye maiti.

Akazikwa Kaloleni. Tukakaa matanga, na mimi nilikaa kama mfiwa, ingawa viti vya wafiwa vilikuwa vimejaa. Adhuhuri moja nilikuwa nyuma ya jiko la makuti nikifua nepi za mtoto kwenye karai, wanawake wakipita wakinionea huruma na kunicheka kwa pamoja, nikamsikia Mzee Karisa ndani ya jiko. Makuti hayazuii sauti. "Kadzo amekwenda," alisema. "Huyu mdogo haendi." Mamamkwe wangu akamwuliza, "Na babake?" Mzee akasema, "Babake nani? Alileta nini hapa?" Sufuria ikafunikwa. "Ulikunywa, Baba Kadzo," mama akasema. "Nilikuona." "Nilikunywa soda!" Sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Mimi mgema, mke wangu. Watu wa hapa wote wameoana kwa mnazi wangu. Anakuja kijana kwangu, kwangu mimi, na soda, kwa sababu kazi yangu ni dhambi. Nilicheka kwa kuwa Kadzo alimtaka. Sasa Kadzo amekufa. Nicheke kwa ajili ya nani?" Halafu nikasikia analia, kilio kile cha wanaume ambacho hakijui pa kutokea. Mikono yangu iliendelea kukamua nepi ileile mpaka haikuwa na tone. Ningeweza kumchukia vizuri zaidi kama nisingekuwa nimesikia hayo.

Matanga yalipoanuliwa wakaniambia mtoto mchanga asiye na titi hawezi kupelekwa kwenye mabati ya chumvi, akae kwanza na hawe wake, yaani bibi yake. Lilikuwa jambo la busara, nikakubali. Kila siku yangu ya mapumziko nilikwenda Kaloleni. Mara za kwanza nilipewa nimbebe. Kisha nikawa nikifika naambiwa amelala. Nikaambiwa amepelekwa kliniki. Nikaambiwa ana mafua, asipigwe na upepo, na wakati huohuo namsikia akicheka chumbani. Mwisho Mzee Karisa alinipokea mwenyewe, amesimama katikati ya njia, hakunikaribisha. "Usije tena," akasema. "Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa mamake. Na mamake alikuwa wangu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenielekeza njia.

Wokovu wangu uliishia pale. Sisemi nilimwacha Mungu, nilimwacha mchungaji. Nikaenda kwa Mjomba Charo nikamwambia tafuta mnazi, tafuta mtungi wa kisawasawa, twende tukafanye kilichopaswa kufanywa. Alifurahi mno. Alisema wapo watu waliotoa mahari baada ya mke kufa, si ajabu, desturi ina nafasi ya mambo hayo. Tukaingia sebuleni kwa Mzee Karisa mchana, kwenye yale makochi yaliyotandikwa vitambaa vya kufuma, na ukutani picha ya Kadzo akiwa na sare ya shule. Mjomba Charo akaongea vizuri, akaomba radhi kwa niaba yangu, akasema ujana ni ujana, akauweka mtungi katikati. Mzee Karisa akainama, akaunusa. Kazi ilimshinda nguvu, akashindwa kujizuia. "Mnazi mzuri," akasema. "Umegemwa leo asubuhi." Nikaona tumaini kwa macho yangu. Kisha akainua uso. "Nani ataonja?" Akausukuma mtungi upande wetu. "Desturi mnaijua, ndiyo maana mmekuja. Binti anaonja kwanza." Akanyoosha mkono dirishani, kule kwenye kaburi lililokuwa limeanza kuota nyasi. "Haya, muiteni. Muiteni aje aonje, nami nitakunywa." Mjomba Charo akasimama. Tukauinua mtungi wetu tukaondoka nao. Njiani akaumwaga kando ya barabara bila kunitazama.

Nikaenda mahakamani. Nilikuwa sijawahi kuingia mahakamani hata kama shahidi. Mama mmoja wa ofisi ya watoto alinisikiliza, kalamu mkononi, akaniuliza kama nina cheti cha ndoa. Sina. Akasema basi itabidi nithibitishe ndoa ya kimila, kwa sababu sheria ya wakati ule ilimweka mtoto wa wasiooana mikononi mwa mama kwanza, na baba ndiye aliyepaswa kuja kuomba. "Kuomba nini?" nikamwuliza. "Kutambuliwa," akasema, na hakulisema kwa ubaya. Leo vijana wa pale kwenye chumvi huniambia mambo yamebadilika, katiba inasema mtoto ana haki ya kulelewa na wazazi wote wawili, wameoana au hawajaoana. Ni kweli. Nimeisoma ibara hiyo mwenyewe, nikaisoma tena, nikatoka nje nikatembea. Katiba hiyo ilikuja Mbeyu akiwa tayari yuko shule, anamwita Mzee Karisa baba, na mimi sikuwa na moyo wa kumburuta mtoto kortini aje aambiwe kwamba maisha yake yote ni makosa. Labda nilikosea. Kuna siku nasema nilikosea, na kuna siku nasema hapana.

Kwenye ukumbi wa mahakama tulisubiri kwenye mabenchi ya mbao, wanawake wengi wenye watoto, wanaume wachache wanaotazama viatu vyao. Mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, akidhani sisikii, "Wanaume wakikimbia watoto tunalia. Huyu anamtaka wake, na bado kaletwa hapa kama mwizi." Nilitamani kumshika mkono. Hakimu alikuwa mama wa makamo kutoka bara, mwenye subira, anayeandika kila kitu kwa mkono wake. Mzee Karisa alikuwa na wakili; mimi nilikuwa na Mjomba Charo, ambaye alieleza habari ya soda mpaka watu wakacheka, na kicheko kile kiliniumiza kuliko swali lolote. Wakili akamwuliza, "Wewe ni mzee wa mila. Kadzama ni nini?" Mjomba akasema ni mnazi. "Siku ile ilikuwapo?" Mjomba akasema palikuwa na soda. "Nimeuliza kadzama." Akasema hapana, haikuwapo. Hakuwa mtu wa kusema uongo, na sikumlaumu.

Kisha akaitwa mamamkwe wangu. Aliingia amejifunika leso hata macho huyaoni, akapita kwa mbali, akasimama kizimbani amenipa mgongo, uso ukutani. Wakili akamwuliza kama mnazi uliletwa nyumbani kwake. "Haukuletwa," akasema kwa sauti ndogo. Hakimu akamwambia, "Mama, geuka, tazama mahakama." Hakugeuka. Kugeuka kulikuwa kunitazama mimi. Hakimu akarudia, mama akazidi kujikunyata, na wakili akasema shahidi bado ana majonzi, asilazimishwe. Mimi pale nilipokaa moyo ulianza kwenda mbio. Kwa sababu mwanamke yule, kwa mgongo wake tu, alikuwa anasema jambo ambalo hakuna mtu mwingine katika chumba kile alikuwa amelisema. Mtu ambaye si mkwe wako humpishi njia. Kijana aliyempa binti yako mimba na kuondoka hujifuniki uso mbele yake. Unamtazama, tena unamtukana. Miezi yote ile, mumewe akinikana, yeye alikuwa bado ananiheshimu kama mume wa mwanawe.

"Kazungu," hakimu akaniita, "una swali kwa shahidi?" Nilikuwa nalo. Lilikuwa moja, fupi: Mama, kwa nini hunitazami? Angelazimika kujibu, na najua angejibu kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ndoa yangu. Nikasimama. Lakini mkwe hamwulizi mamamkwe wake maswali. Hamwelekezei maneno mbele ya watu, hamwambii eleza kwa nini unajifunika. Kumwuliza kulikuwa kumvua leso hadharani, mbele ya wakili na karani na watu wa mabenchini. Nilimwona mabega yakitetemeka, anangoja niseme, na nilijua kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimefanya jambo ambalo mkwe wa kweli hawezi kulifanya. "Sina swali, mheshimiwa," nikasema, nikakaa. Baadaye, zamu yangu ya kusema ilipofika, nilijaribu kumweleza hakimu maana ya ule mgongo. Wakili akasimama, akasema hayo ni maneno ya mdai mwenyewe, na mwanamke akimwogopa mtu pia hujifunika uso. Hakimu aliandika yote mawili.

Nje Mjomba Charo alinikamata kwenye ukuta. "Kwa nini hukumwuliza? Ungemwuliza yule mama, Kazungu!" Nikamwambia, "Wewe ungemwuliza wako?" Mkono wake ukaniachia. "Hapana," akasema. Tukaenda tukanywa chai kwenye kibanda, mahamri yakapoa kwenye sahani, hakuna aliyeyagusa.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi kadhaa. Ndoa haikuthibitishwa. Mimi ni baba wa mtoto, hilo halikupingwa na yeyote. Lakini mtoto ni mdogo, ni wa kike, na baba ni kibarua anayeishi peke yake katika chumba kimoja. Kwa hiyo kwa faida ya mtoto atabaki kwa bibi yake aliyemzoea. Baba atatoa matunzo. Baba ataruhusiwa kumwona Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, nyumbani kwa babu, bibi akiwepo, hadi saa kumi jioni. Hakimu aliisoma polepole, akihakikisha naelewa, na mwisho akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Kwa kulipa nilikuwa baba; kwa kulea nilikuwa mgeni mwenye ratiba. Usiku wa siku ile nililala na viatu miguuni.

Jumamosi ya kwanza nilinunua halua Malindi nikaenda Kaloleni. Mwaka ulikuwa umekwisha na masika mengine yalikuwa yanakaribia. Mbeyu alikuwa anatembea. Alisimama kwenye mlango wa chumbani, gauni la njano, tumbo mbele, akanitazama kama watu wanavyomtazama fundi aliyekuja kurekebisha kitu. Nikamwita, akarudi ndani. Nikakaa kwenye kochi. Mamamkwe wangu alikaa barazani, mgongo mlangoni, akipepeta mchele, kwa kuwa amri ilisema awepo. Sikumlazimisha mtoto. Nilikaa tu, na baada ya kitambo kirefu akatoka tena, akasogea, akaangalia ile halua. Nikammegea. Akala, akanirudishia kipande kilicholowa mate akitaka nile mimi. Nikala. Chakula kikaletwa, wali wa nazi na kunde, nikamtengenezea matonge madogo nikamlisha kwa mkono wangu, na kila tonge alifumba macho kwanza. Mamake alikuwa akifumba macho vilevile.

Joto lilipozidi akapanda mapajani mwangu bila kuombwa, akazungukazunguka kama anayetafuta mahali, akalaza kichwa kifuani, mkono umeshika kola ya shati langu, akalala. Sikuwa nimembeba tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa mzito. Jasho lake lilinilowesha shati, pumzi yake ilikuwa na harufu ya kunde, na miguu yangu ikafa ganzi nikaiacha ife. Nilifikiria mambo mengi. Nilifikiria mlango ulio wazi, mamamkwe aliyenipa mgongo, barabara iliyo karibu hivi. Nilifikiria kwamba usiku ungeingia tuko Jilore. Kisha nikafikiria askari, na mtoto akipokonywa mikononi mwangu akipiga kelele. Nikamnusa nywele. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mzee Karisa akaingia. Alikuwa ametoka minazini, kisu bado kiunoni. Alitutazama, na najua alichokiona kilimwuma, maana alisimama akachelewa kusema. "Saa kumi," akasema kwa sauti ya chini, asije akamwamsha. Kisha akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kikoi, akainyoosha yote miwili. Hapakuwa na askari pale, wala karani, wala wakili. Kama ningekataa mtoto angeamka. Angeamka akalia, akatuona tunavutana juu yake, na hicho ndicho kingekuwa kitu cha kwanza mwanangu kukumbuka juu yangu. Nikaishika ile ngumi iliyoshika kola yangu, nikaikunjua kidole kimoja kimoja, polepole, nikiogopa tu asiamke. Nikamwinua binti yangu kwa mikono yangu mwenyewe, nikampa.